Kitabu cha Maji Hakijafika

Lugufu, tarehe 11 Januari 1999

Shemeji Tania,

Kabla ya salamu, cheka kidogo. Unakumbuka siku ya kukimbia niliingia ofisi ya maji mbio, nikazoa vitu kwenye rafu ya yule injinia Mbelgiji aliyetuachia vitabu vyake? Nilidhani nimebeba kitabu cha maji, Biblia na daftari la kazi. Nimefika Kigoma, nafungua mfuko mbele ya karani wa wakimbizi, natoa kitabu cha maji, kitabu cha kufuga njiwa, na kitabu kinene kinachoeleza jinsi serikali za nchi zinavyoporomoka. Karani aliniuliza mimi ni mtu wa kazi gani hasa. Nikamwambia fundi wa maji wa Baraka. Akaandika "mkulima".

Vyote vitatu ni Kifaransa, vyote vya wataalamu, na hakuna hata kimoja chenye picha ya mtu anayecheka. Nimevisoma mara tatu kwa kuwa hakuna kingine. Kile cha nchi zinazokufa kina orodha ya ishara za ugonjwa, nami nimekaa na penseli naweka alama: hii iko kwetu, hii iko, na hii pia. Nchi yetu imepewa ukurasa mmoja na nusu. Baraka haimo kwenye ramani. Kalemie imo, ila wameichora upande huu wa ziwa, labda na yenyewe ilikimbia.

Cha njiwa kimeniponza kabisa. Nimepata jozi mbili kwa Muha mmoja wa kijiji cha jirani, nikawajengea kibanda cha miti na turubai. Kitabu kinataka wabadilishiwe maji mara mbili kwa siku, nami natii. Ukiwa peke yako unatii chochote kinachokupa amri. Katika hema letu hapa kambini tulikuwa wanne. Watatu wamehamia kwa ndugu zao, nimebaki na sufuria moja na kijiko kimoja. Sisemi ili unihurumie, shemeji. Nasema kwa sababu tangu Jumapili sijaongea na mtu, isipokuwa kuitikia jina langu kwenye foleni ya mahindi.

Mwanetu Divine anasoma? Bado anaandika namba saba kinyume? Mwambie baba mdogo anamtunzia kinda la njiwa. Na maji natumaini Patrice, kijana wangu wa kazi, anayaendesha vizuri. Nilimwachia ufunguo.

Barua hii inapita kwa Placide, yule mfanyabiashara wa samaki wadogo wa ndakala wa Kazimia. Haina gundi, maana bahasha iliyofungwa ikifika barieri ya askari ni kesi. Kwa hiyo wewe afande unayenisoma sasa, pokea salamu zako pia.

Norbert


Baraka, tarehe 20 Februari 1999

Shemeji Norbert,

Nimecheka, halafu nikashtuka kusikia sauti yangu. Ni muda mrefu. Placide anasema afande naye alicheka, akaisoma barua yako kwa sauti mbele ya barieri nzima, kwa hiyo Kazimia yote inajua una kijiko kimoja.

Sasa mambo yenyewe. Patrice hayupo. Siku tatu baada ya wewe kupanda mtumbwi alikutwa amekufa kwenye barabara ya Mboko, yeye na baiskeli yake. Watu wa huko walimzika. Hakuna aliyekuambia kwa sababu hakuna aliyejua uko wapi.

Na maji hayapo. Tulijificha mashambani wiki tano, tuliporudi tukakuta robine zote za kuchotea maji Baraka zimekauka, na zimekauka mpaka leo. Mzee Anatole, yule mwashi, alipanda mpaka kwenye chanzo, kitambaa cheupe mkononi ili wasimpige risasi. Aliporudi aliniambia hivi: "Mayi iko, Mwalimu. Inajaa mpaka inamwangika pembeni. Lakini ndani ya tiyo haishuke, na siona pahali tiyo inapasuka." Basi sisi wote tunachota ziwani, pale pale watu wanapofulia na wagonjwa wanapooshwa. Mwezi wa kumi na moja kolera iliingia. Mpaka Noeli tulizika watu arobaini na mmoja, halafu nikaacha kuhesabu. Mvua za mwezi wa tatu zikishuka itaanza upya, kila mtu anajua, na kila mtu anaogopa kusema.

Vijana wenye nguvu wameenda Misisi kwenye mashimo ya dhahabu. Tumebaki bamama, wazee na askari. Lakini tukijua pa kuchimba tutachimba. Nakumbuka kwenye kurasa za mwisho za kitabu cha maji ulichora njia yote ya tiyo, bomba kwa bomba, kutoka chanzo mpaka robine ya mission. Nitumie kitabu hicho, haraka. Kifaransa chake nitakiweza, nimefundisha darasa la sita miaka tisa.

Usiwaze juu ya Divine.

Tania


Lugufu, tarehe 14 Machi 1999

Kaka Roger,

Wewe umelala kaburini tangu vita ya kwanza, na barua hii haitapita kwa Placide wala kwa mtu yeyote. Itakaa chini ya godoro. Nakuandikia kwa sababu lazima nimwambie mtu mmoja wa nyumbani.

Maji niliyafunga mimi.

Mizinga ilipoanza kusikika upande wa Mboko nilifungua kitabu, kama nilivyozoea kila nilipokosa uhakika. Ukurasa wa 212 unasema mtambo ukiachwa bila mlinzi ufungwe kwenye vane kuu, ile robine kubwa ya chuma chini ya chanzo, na tiyo zimwagwe maji zisipasuke. Mwandishi nadhani alikuwa akiwafikiria mafundi wanaokwenda likizo. Nilipanda, nikaifunga, sanduku la saruji linaloifunika nikalifukia kwa udongo, nikapandikiza majani juu ili askari wasilione wakalivunja. Kisha nikaandika kwa penseli kando ya ukurasa: "Imefungwa na mimi, Norbert Wilondja, 3/9/98, saa nne asubuhi. Ufunguo kwa Patrice, afungue baada ya wiki moja." Nilijiona fundi kweli kweli, kaka. Wenzangu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani, na mimi nafuata utaratibu.

Wiki moja. Nilidhani vita inachukua wiki moja.

Sasa mke wako anataka kitabu. Akikifungua ataona mwandiko wangu. Nikimweleza kwenye barua itasomwa barieri, na kabla haijamfikia, Baraka nzima itajua nani aliwafungia maji wakazika watu arobaini na mmoja. Watasema nilikuwa nawafanyia kazi adui. Siku hizi mtu anauawa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Na wasiponipata mimi watamgeukia Tania na Divine, kwa ajili ya jina letu. Hayo ndiyo ninayojiambia tangu juzi. Lakini wewe siwezi kukudanganya: ninachoogopa ni uso wa Tania.

Watapata njia nyingine. Lazima iwepo njia nyingine.

Mdogo wako,
Norbert


Lugufu, tarehe 16 Machi 1999

Shemeji Tania,

Habari ya Patrice imenifikia. Siku nzima nimekaa kwenye kibanda cha njiwa bila kufanya kitu. Alikuwa kijana wa kuaminika, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Kuhusu kitabu cha maji, kwa sasa kimeazimwa na watu wa maji wa hapa kambini na bado hawajakirudisha. Wakati tunangoja nakutumia hivi viwili, cha njiwa na cha nchi zinazokufa, ili wanafunzi wako wapate kitu cha kusoma. Najua shule haina hata karatasi.

Maji yenyewe nadhani ni hewa. Tiyo ikipanda kidogo halafu ikashuka, hewa hukusanyika pale juu ikayazuia. Chimbeni kwenye ule mwinuko kando ya barabara, mbele ya shule ya zamani. Mkifika kwenye tiyo legezeni kiungo, muache hewa itoke. Ni jambo linalotokea mara nyingi, hata kitabuni limeandikwa.

Chemsheni maji ya ziwa. Hata kama kuni ni shida, chemsheni.

Na mbona hunielezi habari za Divine? Nilikuuliza maswali mawili, ukanijibu maneno manne.

Norbert


Baraka, tarehe 2 Mei 1999

Shemeji,

Kitabu cha njiwa kimefika salama. Kile kingine kimebaki Kazimia. Komanda wa barieri alisoma jina lake, akamuuliza Placide: "Ni inchi gani hii yenye ilikufa?" Placide akamjibu: "Ziko mingi, chef. Zote ziko mbali." Komanda akakiweka kwapani. Sasa kila Placide akipita anapewa ripoti ya ukurasa uliofikiwa. Komanda analalamika kwamba mwandishi ameeleza ugonjwa kurasa mia tatu na dawa kurasa sita.

Cha njiwa tunakisoma darasani, na batoto wangu sasa wanajua magonjwa yote ya njiwa kwa Kifaransa. Juzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, juu ya nini njiwa banamubadilishia mayi mara mbili, na sisi tunakunywa ya ziwa?" Nimemwambia nitakuuliza. Wewe unafuga njiwa, labda unalo jibu.

Tulichimba pale uliposema. Bamama kumi na wanne, siku tatu, Mzee Anatole akituongoza. Tiyo tuliifikia, kiungo tukakilegeza. Haikutoka hewa wala tone la maji. Siku ya nne askari wakafika. "Hapa munazika nini? Hii mine ni ya nani?" Walidhani tunatega bomu la ardhini. Anatole akawaambia, "Tunatafuta mayi, batoto yangu." Wakamchukua. Amerudi baada ya siku mbili, mkono wa kulia umevunjwa mahali pawili. Mwashi, Norbert, na mkono wa kulia. Hajalalamika hata mara moja. Ameniomba tu nikuulize kama una uhakika na ile hewa.

Mvua imeshuka na kolera imerudi. Jana tumezika watatu. Nenda kwa hao watu wa kambi walioazima kitabu, waambie huku watu wanakufa. Kama hawataki kukitoa, kaa chini unakili mchoro kwa mkono wako.

Sijawahi kukuomba kitu tangu Roger afe. Nakuomba hiki.

Tania


Baraka, tarehe 9 Julai 1999

Kwa Pasta Raphaël, kanisa la wakimbizi, Lugufu

Pasta,

Hunijui. Mimi ni Tania, mwalimu, mjane wa Roger Wilondja. Placide aliyekuletea karatasi hii anasema kanisa lako liko karibu na hema la shemeji yangu Norbert, yule mwenye njiwa.

Binti yangu Divine alifariki tarehe 19 mwezi wa kumi na moja mwaka jana, kwa kolera. Alikuwa na miaka sita. Asubuhi alikuwa mzima, jioni tukamfunga shuka. Norbert hajui. Wewe ni Mubembe, Pasta, sina haja ya kukueleza sana: kwetu kifo cha mtu wa damu hakiandikiwi mtu aliye peke yake. Anatumiwa watu, wanaketi naye, wanapika, wanakula naye, halafu mmoja anasema. Nimengoja nimpate mtu wa ukoo anayevuka ziwa, sikumpata. Kila barua anauliza habari za mtoto, na mimi nazunguka swali lake kama mwizi. Nimechoka.

Tangu mwezi wa tano amenyamaza. Nimemwandikia tena mara mbili, hajajibu. Nafikiri amekwisha kuhisi, na sasa ameketi na jambo hilo peke yake kwenye hema, akiwa na hao ndege wake. Nikiwaza hivyo nashindwa kufundisha.

Nakuomba usiende peke yako. Chukua wazee wawili watatu wa kwetu, na bamama wa kupika. Hata akiwafukuza, kaeni. Umwambie polepole, umwambie pia kwamba hakuteseka. Si kweli, lakini mwambie.

Akishatulia kidogo, mkumbushe kwamba kitabu cha maji hakijafika.

Tania


Lugufu, tarehe 3 Agosti 1999

Tania,

Walikuja watu saba. Siku ya kwanza walizungumza habari za mahindi na za mvua, bamama wakapika ugali na maharage kwenye moto wangu, na mimi mjinga nilifurahi kuwa na wageni. Nilikuwa nimekaa miezi bila kusikia watu wakicheka kwa Kibembe nje ya hema. Siku ya pili, tulipokwisha kula, Pasta Raphaël alinishika goti akasema.

Walidhani namlilia mtoto peke yake. Mama mmoja alikuwa ananipapasa mgongo, "Lia, baba, lia tu." Nililia. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hawakulijua, na ndilo ninaloliandika sasa.

Kitabu ndicho hiki. Hakikuazimwa na mtu. Kilikuwa chini ya godoro langu muda wote. Fungua ukurasa wa 212 usome maneno ya penseli pembeni, utaujua mwandiko. Mimi ndiye niliyefunga maji ya Baraka. Nilifuata kitabu, nikamwachia Patrice ufunguo, na sikufikiri kwamba Patrice anaweza kufa. Ulipoandika kwamba chanzo kinamwagika pembeni nilijua siku ile ile tatizo ni nini. Ile hewa ilikuwa uongo. Nilinyamaza kwa sababu ulinieleza mkono wa Mzee Anatole. Mkono ule nimeuvunja mimi. Divine nimemuua mimi.

Sasa fanyeni hivi. Kwenye chanzo simameni pale tiyo inapoingia ardhini, mshuke nayo hatua sitini. Kuna jiwe jeupe upande wa kushoto. Chimbeni mbele yake kina cha goti, mtakuta kifuniko cha saruji. Ufunguo umepotea na Patrice, kwa hiyo azimeni kle kubwa ya gereji, ile spana ya kufungulia tiyo. Kwanza muache robine zote za mjini wazi. Halafu fungueni vane robo ya mzunguko tu, muhesabu mpaka mia tatu, ndipo mfungue robo nyingine. Mkifungua kwa pupa tiyo itapasuka, na tiyo nyingine hakuna.

Barua hii naipeleka wazi kama zote. Atakayeisoma njiani na aisome.

Norbert


Baraka, tarehe 30 Agosti 1999

Norbert,

Ilisomwa. Komanda wa Kazimia aliisoma yote mpaka mwisho, akapiga muhuri wake chini ya jina lako, akamwambia Placide: "Beba mbio." Muhuri huo ndio uliotupitisha kwenye barieri ya mlimani. Kwa hiyo kabla barua haijafika mkononi mwangu, Baraka yote ilikuwa inajua. Watu walikuwa wananitazama sokoni na mimi sijui kwa nini. Nilidhani wewe umekufa.

Tulipanda Jumanne, bamama tisa pamoja na Anatole, na kle ya gereji ya mission. Jiwe jeupe lipo. Majani uliyopandikiza yameota vizuri sana. Tulifungua robo, nikahesabu mpaka mia tatu kwa sauti kama niko darasani, tukafungua nyingine. Tuliposhuka tulikuta watu wamejaa kwenye robine ya mission. Ilikohoa muda mrefu. Ikatoka nyekundu, kisha kahawia, kisha ikawa maji. Bamama wakapiga vigelegele, halafu vikakatika vyenyewe, kwa sababu kila mmoja alimkumbuka mtu wake. Mimi niliweka ndoo nikasimama tu. Niliona hasira, nikaona furaha.

Sasa sikiliza. Umeandika kwamba Divine umemuua wewe. Acha hilo. Wakati ule hukujua kwamba Patrice amekufa wala kwamba robine ni kavu. Kikombe cha maji ya ziwa nilimpa mimi, kwa mkono huu, na sikuchemsha kwa sababu kuni zilikuwa zimeisha nami nilikuwa nimechoka kwenda kutafuta. Nimelala na kikombe hicho miezi tisa. Watu saba walikuja kuketi na wewe. Kwangu hakuja mtu, kwa kuwa wiki ile kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa kuzika. Basi usinichukulie mtoto wangu ukamfanya dhambi yako. Kama ni kwa ajili ya Divine, sina ninachokudai.

Lakini barua yangu ilikufikia mwezi wa tatu. Tangu siku ile mpaka Jumanne hii tumezika watu ishirini na wawili. Hao hawakuuawa na vita, wala na Patrice, wala na ukurasa wa kitabu. Walikufa huku wewe unajua hatua ni sitini. Nimekaa siku sita nikitafuta namna ya kukusamehe kwa ajili yao, nikaona sina ruhusa. Si wangu.

Watu walikutana kanisani kukuzungumzia. Wengine walisema maneno ambayo sitayaandika. Mzee Anatole akasimama, mkono wake umekauka mbele ya kifua, akasema: "Akuje. Tiyo iko inavuja mahali tatu na hakuna mwengine mwenye kuijua. Akuje atumike, na anione na macho yake." Wakaniuliza na mimi. Nilisema urudi. Nilisema hivyo mbele ya watu wote, na sijui kama nilisema kwa ajili ya maji au kwa sababu wewe ndiwe mtu wa mwisho wa ukoo wa mume wangu.

Nyuma ya karatasi hii nimeandika majina ishirini na mawili, na mtaa wa kila mmoja. Placide atakupa nafasi kwenye mtumbwi. Ukishuka Baraka usije na zawadi, wala usimtume mtu akutangulie. Nenda nyumba kwa nyumba, ubishe hodi, ujitaje jina, umtaje na marehemu wao, ukae utakaporuhusiwa kukaa. Kuna watakaokufungia mlango. Rudi kesho yake.

Anza na Mzee Anatole, ingawa yeye hayumo kwenye majina. Usianzie kwangu.

Mama Divine